Kilomita Elfu Tisa za Sebuleni

Mama alikubali kusafiri kwa sharti moja tu: akae kwanza.

"Nikae nione," alisema, sindano tatu akiwa amezibana midomoni, maana hata maneno mazito alizoea kuyasema huku akibana pindo la mtu. "Nikiweza kukaa hapa nyumbani masaa yote hayo unayoniambia, nitaweza kukaa na huko angani. Nikishindwa, tusibishane tena. Mwambie dada yako atajifungua salama, na mimi mjukuu wangu nitamwona kwenye simu kama bibi wengine."

Aliyeambiwa hayo ni binti yake mdogo, ambaye Mjomba alimbandika jina la Mnong'ono tangu utotoni, likamganda. Mnong'ono alikuwa anakata tiketi za ndege katika ofisi ndogo ya wakala, na kutwa nzima wateja walimwinamia kwenye kaunta wakitega sikio. "Kutoka hapa mpaka kule ni masaa mangapi?" wanamuuliza, naye anawajibu polepole, kama mtu anayetoa pole msibani. Alijua umbali wa miji asiyoweza hata kuiota. Mwenyewe hakuwahi kupanda ndege hata siku moja.

Ilikuwa jioni ya Ijumaa. Pasi ya kusafiria ya Mama ilikuwa tayari, viza ilikuwa tayari, na kiti kilikuwa kimeshikwa kwa jina lake mpaka Jumatatu asubuhi ofisi inapofunguliwa. Kikiachiliwa kile, ndege zilizobaki kabla Dada hajajifungua ni zile za kuungaunga, za kulala uwanja huu na kuamkia uwanja ule, na hizo Mama asingezikubali hata kwa kubebwa mgongoni. Huko mbali Dada alihesabu siku. Kila akipiga simu aliuliza jambo moja, kwanza kwa furaha, siku hizi kwa woga: "Mama anakuja?"

Na Mnong'ono hujibu, "Bado anafikiri, Dada."

Mama alisafiri mbali mara moja tu maishani, kwa basi, alipoolewa. Aliposhuka, miguu ilikuwa imevimba hata viatu vya harusi vikakataa, akaingia ukweni pekupeku. Tangu siku hiyo neno safari lilimwingia miguuni kabla halijamfika kichwani.

"Lakini Mama, wewe unakaa kwenye cherehani tangu asubuhi mpaka jioni," Mnong'ono alijaribu.

"Kukaa na kazi si kukaa. Kukaa ni kukaa bure."

Basi Jumapili asubuhi, jua likichomoza, sebule ikageuzwa ndege. Sebule hiyo ndiyo ilikuwa pia chumba cha kushonea, kwa hiyo cherehani ikafunikwa shuka isije ikamtia Mama kishawishi, na magauni ya watu yakasukumwa pembeni kwenye kamba yake. Viti vitatu vya mezani vikapangwa chini ya dirisha, bega kwa bega, na mbele yake vitatu vingine vikageuziwa mgongo. Mnong'ono akachukua futi ya Mama shingoni mwake, akapima nafasi ya kuweka magoti kama anavyoijua kazini.

Mama alikaa. Magoti yakagusa kiti cha mbele.

"Hapa ndipo mnapowakalisha watu?"

"Ndiyo, Mama."

"Na wakitoka hapo wanawashukuru?"

Mjomba, mdogo wake Mama, alifika akiwa amevaa miwani ya jua na kofia yake ya zamani ya kazi. Alikuwa dereva wa malori mpaka mgongo ulipomwomba radhi. Alijichagulia urubani bila kuombwa na mtu, akakalia kigoda mbele kabisa, akiutazama mlango wa jikoni, mikononi ameshika mfuniko wa sufuria kubwa.

"Mjomba, ndege haina usukani kama huo."

"Mnong'ono mwanangu, kila chombo kina usukani. Usinifundishe kazi."

Wa mwisho kuingia alikuwa Shangazi, dada wa marehemu Baba, skafu nyekundu shingoni na midomo ameipaka rangi kana kwamba kweli anakwenda kuajiriwa. Yeye ndiye mhudumu. "Ila niseme mapema," alitangaza, "kumhudumia wifi yangu bila kumchokoza sitaweza. Nitapasuka." Akauchukua mkoba wa Mama, akaupekua mpaka chini, akatoa mkasi na kuuinua juu kama polisi aliyekamata mwizi. "Huu hauingii."

"Nirudishie mkasi wangu. Nitashonaje?"

"Sindano ndogo na uzi nimekuachia. Uzi utaukata kwa meno, wifi. Si bado unayo mawili matatu?"

Mama alicheka asitake. Mapajani alikuwa na furushi la vishati vya kichanga, vidogo kama viganja, alivyovikata usiku wa jana ili avipige pindo kwa mkono. Mnong'ono aliviona. Moyoni alisema: mtu asiyetaka kwenda, vishati vyote hivi anamshonea nani?

Alifungua simu yake, akaiegemeza dirishani ambapo wote wangeiona. Kazini walikuwa na programu inayoonyesha ndege zilizoko angani, na kila Jumapili, saa hiyo hiyo, ndege ya kwenda mji wa Dada ilikuwa ikiondoka. "Ile pale, Mama. Hiyo ya njano. Ndiyo utakayopanda Jumapili ijayo. Hao waliomo leo ni wenzako. Wao wakifika, na sisi tumefika."

Kindege kilikuwa kimeduwaa pembeni ya ramani. Kisha kikatikisika, kikaanza kusogea.

"Abiria!" Mjomba akanguruma. "Fungeni mikanda." Mama na Mnong'ono wakajifunga mikanda ya magauni iliyokuwa ikingoja wenyewe. "Safari yetu ni kilomita elfu tisa na ushee. Kwa lori hizo ni wiki tatu, pancha nane, na kugombana na utingo kutwa mara mbili. Sisi tutatumia masaa kumi na moja. Mwenye roho nyepesi ashuke sasa hivi."

"Wewe rubani," Mama alimwita, akiwa ameshika karatasi ya safari aliyochapishiwa. "Hapa pameandikwa tunaondoka saa moja asubuhi, tunafika saa sita mchana. Hayo ni masaa matano. Mbona mnanidanganya?"

Rubani alimgeukia Mnong'ono. Mnong'ono akaeleza kwamba saa sita hiyo ni ya kule, kwamba jua linawafikia wao kwa kuchelewa, kwamba sisi tukiwa tunawasha taa za jioni wao ndio kwanza wanakula cha mchana.

Mama alifikiri. "Kwa hiyo masaa yangu sita anayachukua nani?"

"Unarudishiwa siku ya kurudi."

"Niandikie."

Asubuhi ilikwenda vizuri. Mama alipiga pindo la shati la kwanza, akakata uzi kwa meno huku akimkodolea macho Shangazi. Dirishani mtaa uliamka: muuza maziwa alipita akigonga ndoo, jirani akaanika godoro. Mara Mjomba akakanyaga sakafu kwa nguvu, akauzungusha mfuniko kulia, akapiga kelele kwamba tunaingia kituoni kujaza mafuta.

"Mjomba, ndege hii haisimami popote."

"Hata kwa haja ndogo?"

"Choo kimo humo humo ndani."

"Ala! Lori langu lingekuwa na choo, ningestaafu mimi?"

Shangazi akatokea jikoni na sinia. Aliinama, akatabasamu tabasamu la kununuliwa. "Bibi, utapenda kuku au samaki?"

"Samaki."

"Samaki wamekwisha."

"Haya, kuku."

"Kuku hatukuwa nao tangu mwanzo. Kuna mayai."

"Sasa ulikuwa unaniuliza nini?"

"Nimeambiwa ndivyo wanavyouliza."

Mama alicheka mpaka chai ikamwagika kwenye sahani. Walikuwa katikati ya kicheko hicho mlango ulipobishwa, akaingia mwalimu wa chekechea wa mtaa wa pili, aliyekuja kuchukua sketi yake. Alisimama pale pale kizingitini. Aliwaona watu wazima wamefungwa viunoni kwa mikanda ya satini, mmoja ameshika mfuniko.

"Samahani," alisema. "Nije wakati mwingine?"

"Tuko angani," Shangazi alimjibu bila kupepesa. "Fundi haruhusiwi kusimama, taa ya mikanda inawaka. Una tiketi?"

Mwalimu alikuwa mtu anayeshinda na watoto wa miaka minne kwa siku tano za wiki, hakuna mchezo uliomshinda. Akavua viatu, akajipenyeza mpaka kiti cha tatu, akamwambia Mnong'ono, "Nisogezee kidogo, dada. Tunakwenda wapi?"

Alipojibiwa, akauliza swali ambalo Mnong'ono aliulizwa kila siku ya maisha yake. "Ni mbali?"

Mnong'ono akafungua kinywa ataje kilomita. Akamwona Mama amesimamisha sindano hewani, anasikiliza.

"Mbali kiasi," alisema.

Mama aliirudisha sindano kwenye nguo, lakini kuanzia hapo mishono yake ikawa mikubwa mikubwa, mishono ya mtu ambaye mawazo yake hayapo mkononi.

Baada ya chakula cha mchana joto liliingia, na uchangamfu ukapungua. Mjomba alianza kusinzia, mfuniko ukamteleza taratibu mpaka miguuni. Shangazi aliingia jikoni kuosha vyombo, akatulia huko. Mwalimu akalala kinywa wazi, kichwa begani kwa Mnong'ono, mzito kama gunia la mchele. Kindege cha njano kilikuwa kimefika juu ya jangwa, kote rangi ya udongo, hakuna mji wala mto, na mtu akikitazama angeapa hakisogei.

Mama akafungua mkanda wake. Akaweka vishati kwenye kiti, akapita kwa ubavu mbele ya magoti yao, akaenda mpaka mlango wa nje. Akashika komeo.

"Nashuka," alisema.

Mnong'ono alikiweka kichwa cha mwalimu kwenye mgongo wa kiti, taratibu kama mtu anayelaza mtoto, akamfuata Mama. Alitaka kusema mengi. Alitaka kumwambia juu ya zile simu, jinsi Dada anavyovuta pumzi kabla ya kuuliza. Lakini maneno yake yalikuwa na tabia ya kujificha wakati wa kazi, kama watoto watundu.

"Ni miguu, Mama?"

Mama alitazama miguu yake. Ilikuwa miguu tu, haijavimba, imevaa ndara. "Miguu mizima."

"Basi nini?"

Jikoni maji yalitiririka.

"Unajua," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo ambayo Mnong'ono aliitambua kwa mshtuko, maana ilikuwa sauti yake mwenyewe. "Dada yako sasa hivi yuko hapa." Akagusa mfuko wa gauni lake, mahali inapokaa simu. "Nikimtaka namtoa. Namsikia anakaanga vitunguu vyake, namgombeza, namrudisha mfukoni. Miaka sita nimekaa naye hivyo. Nikipanda hiyo ndege yenu, nitaujua umbali wake. Nitaujua kwa mwili huu, saa kwa saa. Halafu nikirudi nitaishije nao? Afadhali nisiujue."

Ofisini umbali ulikuwa namba mwishoni mwa mstari; aliusoma, mteja akaitikia kwa kichwa, basi. Hakuna mteja aliyewahi kumwambia kwamba umbali unaweza kukaa mfukoni usiume.

"Mimi sijui, Mama," alisema. "Nauza safari, sijawahi kufika popote." Akaigeukia simu pale dirishani. "Lakini nusu tumeshaimaliza. Tumekaa nusu yake, na tumecheka. Tukae na iliyobaki tuijue yote, hapa hapa nyumbani, mimi nikiwa kando yako. Ikiuma, itatuuma wote wawili. Jumatatu nitakiachia kile kiti, na Dada nitamwambia mimi mwenyewe. Sitakulaumu hata kwa jicho."

Alisema hayo yote bila kusimama, na alipomaliza alishtuka kuona amesikika mpaka jikoni. Maji yalikuwa yamefungwa. Hata Mjomba alikuwa ameamka, miwani upande, anajifanya anatazama barabara.

Mama akamtazama bintiye kwa muda mrefu, kama anavyotazama kitambaa ambacho hajaamua akikateje. Kisha akaachia komeo.

"Rubani," alisema akirudi kitini, "ukilala tena nitakushusha mimi jangwani. Na wewe mhudumu, abiria wana kiu."

"Naja, Bibi! Maji au samaki?"

Mwalimu akaamka kwa kicheko, akauliza kama tumefika. Na hapo, bila mtu kueleza ilikuwaje, mchana ukalegea. Mwalimu aliwafundisha wimbo wa chekechea wa kuhesabu vidole, wakauimba wote pamoja na rubani, ambaye hakuupatia hata mara moja. Mama alisimama kila alipotaka, akatembea kutoka dirishani mpaka mlango wa jikoni na kurudi, akampiga Mjomba kikofi kila alipompita. Alifumua ile mishono mikubwa ya asubuhi, akaishona upya. Kila baada ya muda alinyoosha shingo kuitazama simu. "Wenzangu wako wapi sasa?" Juu ya bahari, Mama. "Na sasa?" Bado bahari. "Bahari yenyewe haina haya, haiishi!" Kisha pwani ikatokea, kijani, na Mama akapiga kofi dogo kama aliyeona nyumba ya jamaa.

Jua lilikuwa linaingia dirishani kwa upande, linawachoma mashavu, kindege kilipoanza kuteremka.

"Abiria," Mjomba alisema, na safari hii sauti yake ilikuwa ya mtu anayejua kuegesha chombo. "Tunatua." Akatikisa kigoda, Shangazi akatikisa viti kwa nyuma, mwalimu akapiga mayowe ya furaha, na dirishani kindege cha njano kikagusa alama ya mji wa Dada, kikatulia. Mjomba akapiga mluzi. Wakapiga makofi wote, hata muuza mkaa aliyekuwa akipita nje akasimama kuchungulia ni sherehe gani.

Mama hakupiga makofi. Alikuwa ameshika kishati cha mwisho, pindo limekwisha, uzi umekatwa. Alivikusanya vyote, akavipanga juu ya goti, akauangalia ule mlima mdogo mweupe.

"Ndio hapo?" aliuliza.

"Ndio hapo, Mama. Mlango ukifunguliwa, yuko nje anakungoja."

"Wote ule umbali?"

"Wote."

"Kumbe ni Jumapili moja." Aliligeuza lile neno kinywani kama anayeonja chumvi. "Jumapili moja tu! Na mimi miaka sita naulisha moyo woga. Ngoja nimpigie." Akaitoa simu yake mfukoni.

Dada aliitikia kabla haijaita mara ya pili. Nyuma yake kulisikika mlio wa kikaango. Kule ulikuwa mchana mweupe.

"Mama? Kuna nini? Mbona saa hizi?"

"Nimefika kwako," Mama alisema.

"Umefika wapi?"

"Kwako! Nimetoka asubuhi, nimepita jangwa, nimepita bahari isiyo na adabu, nimetua sasa hivi. Miguu mizima. Nimetua nimekukuta unaunguza vitunguu, punguza moto."

Wakasikia jiko likizimwa, na kiti kikivutwa. "Mama, una homa?"

"Sina homa. Mdogo wako amenipitisha njia nzima sebuleni, nimeijua. Jumapili ijayo naja na mwili wenyewe. Useme na huyo mtoto asitangulie, atanikuta njiani."

Dada alianza kucheka, na kicheko kikamkatika katikati kikawa kilio, na kilio kikageuka tena kicheko, na Shangazi akanyang'anya simu ili naye alie vizuri. "Mimi ndiye niliyemlisha!" alikuwa anapaza sauti. "Mwulize! Alikula mayai!" Mjomba naye aliitaka simu, aeleze jinsi alivyotua bila kukwaruza kitu.

Katika zogo hilo Mnong'ono alifungua ukurasa wa kazini kwenye simu yake, akatafuta jina la Mama. Alishathibitisha viti vya watu wengi asiowajua, lakini hiki alikishika kama yai.

"Mama," aliita. Hakuna aliyemsikia. Akavuta pumzi. "MAMA!"

Wote wakanyamaza, wakageuka. Mjomba alivua miwani.

"Nathibitisha. Nikuwekee kiti cha dirishani au cha njiani?"

"Njiani," Mama alijibu papo hapo. "Dirishani unaomba ruhusa kwa dunia nzima ndipo ukanyooshe mguu."

Mnong'ono akabonyeza. Kisha Mama akafungua mlango mwenyewe, akatoka nje na ndara zake, akaenda mpaka mwisho wa mtaa na kurudi, mikono akiirusha huku na huku, akimsalimia kila aliyekutana naye na kumwambia ametoka mbali, huku Shangazi akimkimbilia nyuma na kupiga kelele kwamba abiria hatoki kabla ya kuchukua mizigo, na mwalimu akiuliza kutoka dirishani, kwa upole, kama sasa anaweza kupata sketi yake.